Mbaazi Saba kwenye Sinia la Bibi

Nilipanda mbaazi kwenye sinia la mungu wa watu. Naanza na hilo, maana nikianza na mengine utanionea huruma mapema, halafu ukifika kwenye mbaazi utajiona umetapeliwa.

Zilikuwa saba. Nilizizamisha moja moja kwa kidole, nikafukia, nikalainisha udongo juu ukawa kama haujaguswa, nikajifuta kwenye suruali na kusimama mikono nyuma. Bibi aliporudi na miwani yake alinikuta natazama dari.

"Unatafuta nini huko juu?"

"Buibui, Bibi."

"Chumba hiki hakina buibui."

"Ndiyo nimeona, Bibi."

Alinitazama muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Kisha akapokea kile kitambaa chekundu nilichotumwa kumletea, akaniambia marahaba ya pili ingawa shikamoo nilishampa mlangoni, na mimi nikatoka nikitembea polepole kama mtu asiye na haraka. Nilipofika barabarani nikakimbia.

Sasa nieleze nilikuwa natafuta nini mle ndani.

Mama yangu ni fundi cherehani. Anakaa kwenye baraza la duka la vitambaa la familia moja ya Wahindi hapa Babati mjini, na amekaa pale tangu kabla sijazaliwa. Nilijifunza kusimama nikiwa nimeshika mguu wa meza ya cherehani yake, na kovu la kidevuni ni la kanyagio. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho, anapiga hatua mbili, anakutana na mama na futi yake shingoni. Kazi yote ya mama iko kwenye hizo hatua mbili. Ukimwondoa barazani anabaki mwanamke mwenye cherehani, na mji huu wanawake wenye cherehani hawana idadi.

Duka ni la Bibi. Mwanawe ndiye anayeliendesha, lakini ukifika msimu wa mbaazi haonekani, yuko Bonga na Sigino anakagua magunia ya wakulima. Anayebaki dukani ni mkwe wake Bibi, ambaye sisi tunamwita Anti. Anti ametoka Dar es Salaam na bado anaushangaa mji wetu. Akikuuzia zipu anakutazama kama zipu hiyo unakwenda kuifanyia kitu kibaya.

Kila mwaka kuna siku zao tisa, Navaratri. Wengine wanapanda gari kwenda Arusha kucheza usiku, wanawake na sketi zao pana zinazozunguka. Bibi haendi. Hawezi kuondoka kwa sababu ya taa. Kwenye chumba cha nyuma cha duka anaweka chungu cha udongo chenye matundu pande zote, na ndani yake inawaka taa ya samli ambayo haitakiwi kuzimika mpaka siku ya tisa. Ukutani iko picha ya mwanamke mwenye mikono mingi amempanda simba. Bibi anamwita Mama tu, kama vile mimi ninavyomwita wangu. Sisi watu wa Manyara simba tunawajua, na hatujawahi kumwona anayekubali kupandwa, kwa hiyo picha ile peke yake ilinitia wasiwasi tangu nikiwa mdogo.

Na chini ya picha ndipo linapokaa sinia. Siku ya kwanza Bibi anajaza udongo, anamwaga shayiri, anamwagia maji, na kila asubuhi anakuja kutazama. Shayiri ikipanda ndefu na ya kijani, mwaka utakuwa mwema nyumbani. Ikidumaa, Bibi haongei na mtu.

Udongo unatoka shambani kwetu Nakwa. Bibi anauamini. Mwaka huu kama miaka mingine niliubeba mimi kwenye ndoo siku ya Ijumaa, na mama akauchekecha kwa chekeche letu la unga mbele ya Bibi na Anti, akatoa kila jiwe na kila mzizi, mpaka ukawa laini unaweza kuukorogea uji. Kumbuka kwamba Anti alikuwepo. Mimi nilikuja kuukumbuka ukweli huo nikiwa nimeshachelewa.

Mwenye makosa mwingine ni jirani yangu wa dawati. Hajawahi kukanyaga chumba kile, na kwa sababu hiyo anakijua chote.

"Oya, kile chungu kina matundu ya nini?" aliniuliza wiki hiyo, mwalimu akiwa ameupa mgongo upande wetu.

"Mwanga utoke."

"Au kitu kione nje. Fikiria vizuri, mwanangu."

"Kitu gani?"

"Mimi nitajuaje? Mama yako ndiye anakishonea nguo."

Hilo lilinichoma, maana ni kweli. Kila mwaka mama anamshonea yule mwanamke wa kwenye picha shela jekundu lenye pindo la dhahabu, na mashela mengine madogo tisa. Hayo tisa ni ya watoto. Siku ya mwisho Bibi anakusanya wasichana tisa ambao hawajavunja ungo, anawaosha miguu, anawavika, anawalisha. Siku hiyo, kwa Bibi, kila mmoja wao ni yule Mama mwenyewe amekuja kutembea. Tatizo Babati wasichana wa Kihindu wa umri huo wako wawili. Saba wanaobaki Bibi anawaazima mtaani, wa kanisani na wa msikitini, na mwaka huu aliomba dada yangu mdogo awe mmojawapo. Yuko darasa la pili.

"Anaoshwa miguu halafu analishwa," nilimwambia jirani yangu wa dawati, nikijaribu kuifanya isikike kama jambo la kawaida.

"Mbuzi wa Krismasi naye analishwa vizuri."

"Acha ujinga."

"Na majani yanaota chumbani, bila jua, kwa siku tisa! Wewe ni mtoto wa mkulima. Umewahi kuona wapi?"

Sikuwa nimeona. Nilianza kumtazama Bibi kwa jicho jingine. Kwa nini anaongea na sinia? Kwa nini anawahesabu wasichana kwa vidole kila akipita barazani? Kwa nini akimwona dada yangu anamshika kidevu na kusema, "Huyu amenona"? Mtu mwenye akili timamu angeenda kumwuliza mama yake. Mimi nikaamua kufanya utafiti.

Jumamosi asubuhi nilikuwa napeta mbaazi nyumbani, na mtu akipeta mbaazi zinaingia mpaka kwenye mifuko. Mchana mama akanituma lile shela la picha. Bibi akalipokea, akaligeuza, akasema haoni pindo, akaenda kutafuta miwani. Nikabaki peku kwenye sakafu baridi, mimi na chungu kinachonitazama kwa macho arobaini. Nikatia mikono mfukoni kwa woga tu, nikazikuta. Nikajiambia: kama humu ndani kuna kitu kinachootesha, basi kioteshe na hizi. Kisipootesha, Jumatatu nitakuwa na la kumwambia jirani wa dawati. Wazo lilinichekesha sana. Nilikuwa nazifukia huku mabega yananitingishika.

Jumapili, kimya. Jumatatu shayiri ikatoa vichwa, vyeupe kama sindano. Jumanne ikawa imesimama, Jumatano ikawa kichaka. Habari hizo nilizipata kwa dada yangu, maana yeye akitoka shule mchana hushinda chini ya meza ya cherehani na huingia kwa Bibi anavyotaka. Mbaazi hakuzitaja. Nikaona zimeoza. Ukweli ni kwamba nilishaanza kuzisahau.

Mimi nilikuwa nampitia mama kila siku saa kumi, na watu wa mtaa walinisifu kuwa ni mtoto anayejali mzazi. Saa kumi ndipo Bibi anapotoa chai. Inatoka ndani kwenye kikombe cha chuma, ina tangawizi mpaka inakukwaruza, na kando yake kuna kitu cha kutafuna. Mama anakunywa chai, mimi nashughulikia cha kando.

Alhamisi hakukuwa na kikombe.

"Chai iko wapi?" nikauliza.

"Leo hakuna."

"Imeisha au?"

"Nimekwambia hakuna." Mama hakuinua macho. Alikuwa anakanyaga cherehani kwa kasi ya kushona hema, na alichokuwa anashona ni kola.

Nikatazama mlangoni. Anti alikuwa amesimama nyuma ya kaunta. Kwa kawaida Anti anaitazama mikono ya wateja. Siku hiyo alikuwa anaitazama mikono ya mama.

Nikainama chini ya meza. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye vipande vya vitambaa, uso mzito.

"Kuna majani mabaya yameota kwa Bibi," akaninong'oneza. "Manne. Siyo shayiri. Anti anasema kuna mtu ametia mkono."

Nikaingiza kichwa zaidi chini ya meza.

"Bibi akasemaje?"

"Bibi amekaa tu. Anti akamwita mama, akamwuliza, fundi, haya ni nini? Mama akainama akayaangalia, akasema hajui."

"Mama kasema hajui?"

"Anti akasema, wewe mkulima utakosaje kujua jani? Na udongo ni wako. Mama akasema tena hajui."

Nikakaa chini kabisa pale vumbini. Mama yangu amelima mbaazi tangu akiwa na umri wa dada yangu. Anaweza kupita kwenye shamba la mtu akiwa kwenye pikipiki akakuambia mbaazi zile zilipandwa lini na kwamba palizi ilichelewa. Hajui? Mwana wa Bibi kutozijua sishangai, yeye anazijua kwa gunia. Bibi anazijua kwenye sufuria. Lakini mama?

Udongo usingeweza kulaumiwa. Ulichekechwa mbele ya Anti. Waliobaki ni watu wanaoruhusiwa kuingia chumba kile, nao walikuwa wa nyumbani pamoja na fundi anayeleta mashela; watoto hakuna aliyewahesabu. Kwa Anti hesabu hiyo haikuwa ngumu. Na mji wetu unavyojua kuongea, jani lisilojulikana kwenye chumba cha ibada haliitwi jani kwa muda mrefu.

Jioni ile tulikula ugali na maharage, na mama hakula. Alikaa ananitazama mimi ninavyokula.

"Umeshiba?"

"Ndiyo."

"Shuleni hakuna tatizo?"

"Hakuna."

"Una jambo lolote?"

Nilishika glasi ya maji, nikanywa yote bila kupumua ili nipate muda. "Sina, mama. Labda wewe."

Akaniangalia. Halafu akaondoa vyombo.

Nilijipa sababu nyingi usiku ule, na zote zilikuwa nzuri. Kwamba nikisema nitakuwa nimemharibia zaidi: fundi si mchawi, ila amemzaa. Kwamba kesho Bibi ataing'oa tu miche ile na mambo yataisha. Kwamba huenda mama kweli hakuitambua, kwa sababu imekulia gizani na imekuwa ya njano. Sababu hii ya mwisho niliipenda kuliko zote. Lakini nilipofumba macho nilimwona ananitazama ninavyotafuna.

Ijumaa nilipotoka shule nilianza kuona kitu hakiko sawa nikiwa bado mbali. Baraza lilikuwa wazi. Zilibaki alama nne kwenye sakafu, mahali miguu ya meza ilipokaa miaka yote hiyo, saruji pale ikiwa nyeupe kuliko kwingine. Mama alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha turubai la fundi baiskeli, cherehani yake katikati ya matairi.

"Mbona umehamia kwenye spoku?" nikamwambia. Ndivyo nilivyo. Nikiogopa, mdomo unatangulia.

"Leo sina kicheko," mama akasema. "Anti ameomba nikae huku mpaka sikukuu ipite."

"Halafu unarudi?"

Alitazama ng'ambo, nami nikatazama alipotazama. Kuna mwanamume mwenye shati la mikono mirefu alikuwa amechuchumaa barazani, kwenye zile alama nne, na alikuwa na futi. Hakuwa akipima mtu. Alikuwa anapima sakafu, kutoka ukutani mpaka nguzoni, na Anti amesimama mlangoni anamwelekeza kwa kidole.

Akatoka mteja dukani na kitambaa cha gauni kwapani. Akageuka kulia kama wote wanavyogeuka, akamkuta yule mwanamume na futi yake. Wakaongea. Mama alishusha macho, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Nilikuwa na nafasi ya kuvuka na kusema. Barabara ile haina hata hatua ishirini. Nilikaa kwenye tairi mpaka jua likashuka, nikamsaidia kufunga.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya tisa. Mama alimwogesha dada yangu, akampaka mafuta mpaka akang'aa, akamwambia, "Nenda na kaka yako. Umsalimie Bibi vizuri."

"Wewe huji?"

"Mimi nina kazi."

Kwa kweli hakuwa na kazi yoyote. Alikwenda kukaa kwenye turubai lake.

Mimi nilikwenda kama mlinzi. Yale ya mbuzi wa Krismasi yalikuwa bado yananizunguka kichwani, na nilisimama mlangoni mwa kile chumba nikipiga hesabu ya namna ya kumnyakua dada yangu nikiona kisu. Nilichoona ni mkeka. Wasichana tisa wamekaa kwenye mstari, migongo ukutani, mashela ya mama kichwani, wananuka mafuta ya nazi. Wa kwanza alikuwa ameshaanza kusinzia. Mbele yao beseni la shaba lenye maji na maziwa kidogo. Kulikuwa na harufu ya samli na ya semolina inayokaangwa na sukari. Chungu kilikuwa kinawaka. Na chini ya picha lilikuwepo sinia, shayiri imesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka, na katikati yake, zimepita juu kidogo, mbaazi zangu nne, kila moja imekunjua majani mawili kama mtu anayeuliza kuna nini hapa.

Hakuna aliyezing'oa. Anti aliniambia baadaye kwamba Bibi alikataza zisiguswe mpaka ijulikane zimetoka wapi.

Bibi ana magoti mabaya. Alishuka sakafuni kwa hatua tatu, mkono mmoja ukutani, na akaanza. Akachukua mguu wa wa kwanza, akauosha, akaukausha kwa kitambaa, akautia wekundu kwa kidole, akainamisha paji la uso wake mpaka likagusa vidole vya mtoto. Mwanamke anayeogopwa mtaa mzima na watu wanaomwomba kupunguziwa bei ya kitambaa! Wa pili. Wa tatu. Nilisahau kutafuta kisu.

Wa nne alikuwa dada yangu. Bibi akanyoosha mikono. Dada yangu akavuta miguu yote miwili chini ya gauni na kuikalia.

"Lete mguu, mama," Bibi akasema. Siku hiyo aliwaita wote hivyo.

"Sitaki."

"Maji si ya baridi."

"Mama yangu amewekwa kwenye matairi," dada yangu akasema, kwa ile sauti yake ya kusoma ubao. "Sitoi mguu mpaka mama yangu arudi barazani."

Yule anayesinzia akafumbua macho. Nilimwona Bibi akibadilika rangi. Ilinichukua sekunde kuelewa: kwake yeye hakuwa anakataliwa na mtoto wa darasa la pili. Aliyemvutia mguu ni yule wa kwenye picha.

"Mama, tafadhali," Bibi akamwambia.

"Sitaki."

Anti akasogea mbele. "Unaona?" akamwambia mkwewe. "Amefundishwa huyu. Fundi amemfundisha. Kwanza majani, sasa hili. Mimi nilisema tangu Alhamisi! Yule mama asikanyage tena hapa, wala leo, wala baada ya leo. Nampa yule fundi mwingine baraza Jumatatu."

Bibi hakumpinga. Alikuwa bado amenyoosha mikono mitupu.

"Ni mimi," nikasema.

Anti akageuka. "Nini ni wewe?"

"Mbaazi. Hayo majani ni mbaazi. Nimezipanda mimi, ile Jumamosi, Bibi alipokwenda kutafuta miwani. Mama hakujua."

Ningependa kusema walishtuka. Anti alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Wewe? Wewe ndiye uliyeniambia mwaka jana kwamba shule imefungwa kwa sababu kiboko ametoka ziwani akalala kwenye maabara. Nikampigia simu mume wangu asipite njia ile! Unamfunika mama yako tu."

Hapo ndipo nilipoelewa bei ya utani. Siku niliyokuwa na ukweli sikuwa na mnunuzi.

"Nilipanda saba," nikasema. "Zimeota nne. Tatu zimo bado. Moja iko ukingoni, upande wa chungu, kina cha kidole. Asiyezipanda angejuaje?"

Bibi alimtazama Anti. Anti akainama kwenye sinia, akaitenganisha shayiri kwa kucha mbili, akachimba pale niliposema. Akatoa mbaazi moja, imevimba, imepasuka ngozi, imetoa kimkia cheupe. Akaiweka kiganjani. Hakutafuta zile mbili.

"Kwa nini?" Bibi akaniuliza.

Nilitamani kuwa na jibu la kueleweka. "Nilitaka kuona kama zitaota."

"Na kama zikiota?"

"Sikufika huko, Bibi."

"Mtoto mpumbavu kabisa," Bibi akasema, kwa utulivu, kama mtu anayesoma lebo ya kitambaa. Kisha akasogea pembeni, akavuta beseni mbele yangu. "Piga magoti. Magoti yangu yamechoka na makosa haya ni ya kwako. Muoshe wewe."

"Mimi?"

"Muombe mguu. Akikupa."

Nikapiga magoti mbele ya dada yangu, ambaye asubuhi ileile nilikuwa nimemficha kiatu kimoja. Wasichana wanane wakanyoosha shingo. Nikamwambia, "Naomba mguu."

"Mama anarudi barazani?"

Nikamtazama Bibi. Bibi akamtazama Anti. Anti akaifumbata ile mbaazi kiganjani, akasema, "Anarudi."

"Leo?"

"Leo."

Mguu ukatoka chini ya gauni polepole sana. Niliuosha. "Na katikati ya vidole," akaagiza. Nikaosha katikati ya vidole. Nilitegemea kucheka, nilikuwa na mzaha tayari mdomoni kuhusu kucha zake, na haukutoka. Bibi akanionyesha kwa mkono kwamba bado sijamaliza. Nikainama, paji la uso likagusa vidole vyenye maji, na kwa muda ule mfupi nilisikia cherehani ng'ambo ya barabara. Ilikuwa inakanyagwa bila kitambaa. Mtoto wa fundi anaujua mlio huo.

Nilipotoka nje Anti alishanitangulia. Alikuwa anavuka barabara na kikombe cha chuma, amekishika kwa mikono miwili, anakwepa bodaboda. Hakumtuma mtu, alikipeleka mwenyewe. Alimpa mama na kusema maneno ambayo sikuyasikia. Mama alipokea, akanywa bila haraka, akanywa mpaka chini kabisa, huku Anti amesimama kati ya matairi akisubiri kikombe. Kisha Anti akarudi bila kunitazama.

Nikavuka. Nilimweleza mama yote, kuanzia kwenye kupeta, na sikuweka mzaha hata mmoja. Alinisikiliza huku anakunja uzi. Akafunika kichwa cha cherehani, akafunga droo, akaweka futi shingoni, akashika meza upande wake.

Akasema: "Nilijua tangu Alhamisi. Nilikuwa nasubiri nione utaniacha mpaka wapi, na umeniacha mbali. Haya, shika huko, tunyanyue."